Mtoto aliyekuwa akipona tetekuwanga akaanza kutapika na kuweweseka: tuzungumze kuhusu ugonjwa wa Reye

Muuguzi_Moro (mleta uzi)

Wanajamvi, naomba nafasi niandike kwa kirefu. Mimi ni muuguzi, na nimekaa katika wodi za watoto kwa miaka 19. Ugonjwa ninaouleta hapa ni adimu kiasi kwamba muuguzi anaweza kustaafu bila kuuona hata mara moja, lakini ukimpata mtoto hushambulia ubongo na ini kwa pamoja, na humfikisha pabaya ndani ya siku mbili au hata saa chache. Unaitwa ugonjwa wa Reye. Jina hilo hutamkwa sawa na neno letu "rai". Nauleta kwa sababu sehemu kubwa ya kinga yake iko mikononi mwa mzazi na muuza dawa, na kwa sababu naona namna tunavyonunua dawa za homa huku kwetu inatunyima kinga ambayo wenzetu waliipata zamani.

Nianze na kisa. Miaka michache iliyopita bibi mmoja alimleta mjukuu wake, mvulana wa miaka saba, katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi. Mtoto alikuwa ametokwa na tetekuwanga pamoja na wenzake wa mtaani, na kufikia siku ya nne alikuwa ameanza kupona: malengelenge yamekauka, homa imeshuka, na alikwisha kuomba uji. Usiku wa kuamkia siku ya tano akaanza kutapika. Hakutapika mara moja akalala. Alitapika kila baada ya muda mfupi, hata maji hayakukaa tumboni. Asubuhi alikuwa amelegea na hataki kusemeshwa. Ilipofika adhuhuri tabia ilibadilika kabisa. Mtoto ambaye bibi alimweleza kuwa mpole alipiga kelele, akamng'ata bibi yake mkono, kisha akamkazia macho na kumwuliza yeye ni nani.

Nyumbani kila mtu alikuwa na jina la kuupa ugonjwa huo. Mmoja alisema malaria imepanda kichwani. Mwingine alisema ni degedege, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa, hivyo apelekwe kwanza kwa mtaalamu wa mitishamba. Nusu siku ikapotea hapo. Simlaumu bibi hata kidogo, maana alifanya kile ambacho jamii nzima iliyomzunguka ilimwambia akifanye.

Kituoni tulipima malaria, majibu yakaonyesha hana. Homa haikuwepo. Shingo haikuwa imekaza. Macho yalikuwa meupe, bila dalili ya manjano. Sukari ya damu ilikuwa chini sana, na daktari alipobonyeza upande wa kulia chini ya mbavu alikuta ini limevimba kidogo na ni gumu kuliko kawaida. Ndipo akauliza swali ambalo mpaka leo ninalirudia kwa kila mzazi: amepewa dawa gani tangu alipoanza kuugua?

Bibi akafungua pindo la kanga yake, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na vidonge viwili vyeupe vilivyobaki kati ya vile alivyonunua dukani, alikoambiwa tu kwamba ni "vya homa na maumivu". Havikuwa na karatasi yake, wala jina, wala tarehe. Daktari alikichukua kimoja, akakinusa, akanipa nami ninuse. Kilikuwa na harufu ya siki. Aspirini iliyokaa muda mrefu mahali penye unyevu huvunjika na kutoa harufu hiyo, na hivyo ndivyo tulivyojua, kwa pua, mtoto alikuwa amemezeshwa nini kwa siku tatu.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Ndani ya chembe za mwili mna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, ambavyo kazi yake ni kugeuza chakula kuwa nguvu. Katika ugonjwa wa Reye mitokondria za ini huharibika kwa ghafla. Ini likikosa nguvu hushindwa kutumia mafuta, na mafuta hayo hujikusanya ndani ya chembe zake kama vitone vidogo sana. Hushindwa kutoa sukari, hivyo sukari ya damu huporomoka, hasa kwa watoto wadogo. Na hushindwa kugeuza amonia, ambayo ni taka itokanayo na protini, kuwa urea inayotoka kwa mkojo. Amonia hupanda katika damu, hufika kwenye ubongo, na ubongo huvimba. Fuvu halitanuki, kwa hiyo ubongo uliovimba hujibana wenyewe, na huko kubanwa ndiko kunakoua. Jambo linalowapotosha wengi, wakiwemo watumishi wa afya, ni kwamba kwa kawaida mtoto huyu hawi na manjano. Tumezoea kuamini kwamba ini likiugua macho yatasema. Hapa ini linaharibika na macho yamebaki meupe.

Dalili zake hufuata mpangilio ambao mzazi anaweza kuukumbuka. Kwanza kuna ugonjwa wa virusi, mara nyingi mafua makali au tetekuwanga, pengine kuharisha. Mtoto anaonekana anapona. Halafu, siku chache baadaye, anaanza kutapika mfululizo, na pamoja na kutapika anabadilika akili: anasinzia kupita kiasi, anachanganyikiwa, anakuwa mkali, anaweweseka. Baadaye huja degedege na kupoteza fahamu. Kwa mtoto mchanga kutapika kunaweza kusiwepo sana. Badala yake anaharisha na kupumua kwa kasi. Ninachowaomba mshike ni mfuatano wenyewe: alikuwa anapona, akaanza kutapika bila kukoma, akili ikabadilika. Mtoto wa namna hiyo hapaswi kulala nyumbani usiku huo.

Jina la ugonjwa linatokana na Douglas Reye, tabibu wa kuchunguza miili na viungo katika hospitali ya watoto mjini Sydney, Australia. Mwaka 1963 yeye na wenzake wawili walichapisha katika jarida la The Lancet maelezo ya watoto 21 walioonekana hospitalini hapo kati ya 1951 na 1962. Kati yao 17 walikufa. Aliyemweka Reye katika njia hiyo ni ini lenyewe: katika chumba cha uchunguzi wa maiti alikuta tena na tena ini la mtoto lenye rangi ya njano inayong'aa, limejaa mafuta, na ubongo uliovimba bila usaha wala dalili za maambukizi ya uti wa mgongo. Watoto wale walikuwa wameandikiwa sababu mbalimbali za kifo, naye akaona kwamba ni ugonjwa mmoja.

Chanzo hakikujulikana kwa miaka mingi. Nchini Marekani ugonjwa ulifuatiliwa kitaifa, na katika kipindi cha 1979 hadi 1980 viliripotiwa visa 555. Mwaka 1980 Karen Starko na wenzake walichapisha utafiti mdogo kutoka Arizona: watoto 7 waliougua Reye wakati wa mlipuko wa mafua walilinganishwa na watoto 16 waliosoma nao ambao nao walipata mafua lakini hawakupata Reye. Wale 7 wote walikuwa wametumia aspirini au dawa za jamii yake. Kati ya wale 16 ni 8 tu. Tafiti kubwa zaidi zilifuata na kuonyesha mwelekeo uleule, na mojawapo, iliyochapishwa mwaka 1987, ilikuta kwamba wagonjwa 26 kati ya 27 walikuwa wametumia dawa hizo. Mwaka 1982 mkuu wa huduma za afya ya umma wa Marekani alitoa tahadhari rasmi. Kuweka onyo kwenye makopo ya aspirini kulipingwa na watengenezaji na kuchelewa mpaka 1986, na inauma kufikiria ni watoto wangapi waliugua katika ile miaka ya kuvutana. Baada ya hapo ugonjwa ulishuka kwa namna ambayo ni nadra kuionea mfano: kutoka mamia ya visa hadi visivyozidi 36 kwa mwaka kati ya 1987 na 1993, na kati ya 1994 na 1997 havikuzidi 2 kwa mwaka. Hakuna chanjo iliyobuniwa dhidi ya Reye, wala dawa mpya. Wazazi waliacha kuwapa watoto aspirini, basi.

Sasa turudi kwetu. Onyo lililowaokoa watoto wa Marekani liliandikwa kwenye kasha. Bibi yule hakununua kasha. Alinunua vidonge vya kuhesabu, vilivyotolewa kwenye kopo kubwa na kufungwa katika gazeti. Onyo lilibaki kwenye kopo, kopo likabaki kwenye rafu, na kilichofika nyumbani ni kidonge kisicho na jina. Hata pale kidonge kinapouzwa katika karatasi yake, mkasi hupita katikati na kukata jina vipande viwili. Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipo na tatizo, wala si kwamba wazazi wetu hawajali. Karibuni tujadili.

BintiPangani

Dada muuguzi, shikamoo, na pole kwa kazi. Naomba niulize kwa nia njema kabisa. Sisi tulikuzwa na aspirini. Mama alikuwa anasaga nusu kidonge kwenye kijiko, anachanganya na sukari na maji, unameza, kesho unacheza. Tulizaliwa saba na tuko hai sote. Je, si kweli kwamba jambo hili linaweza kuwatia wazazi hofu kubwa kuliko hatari yenyewe? Na yule bibi, amewahi kuelezwa kwamba aspirini yake ndiyo iliyomdhuru mjukuu? Kwa kweli nimemfikiria yeye kuliko mtu mwingine yeyote katika kisa hiki.

Muuguzi_Moro

Marahaba mdogo wangu, na swali lako ni la haki. Kijiko chenye sukari nami nimekinywa. Watoto wengi mno waliopewa aspirini duniani hawakupata Reye. Katika utafiti ule wa Arizona nusu ya watoto wazima walikuwa wameitumia. Aspirini peke yake haileti ugonjwa huu, na virusi peke yake kwa kawaida haviuleti. Inaonekana vinahitaji kukutana ndani ya mtoto fulani ambaye mwili wake una udhaifu ambao hatuuoni kwa macho. Na wapo wachache walioupata bila kumeza aspirini kabisa. Katika uchambuzi wa visa vilivyoripotiwa Marekani kati ya mwisho wa 1980 na 1997, ambavyo vilikuwa zaidi ya 1,200, dalili za dawa za jamii ya aspirini zilionekana katika damu ya asilimia 82 ya waliopimwa, na karibu mtoto mmoja kati ya watatu alifariki.

Kwa hiyo hatari ni ndogo kwa kila mtoto mmoja, lakini inayolipwa ni uhai au akili ya mtoto, na kuikwepa hakugharimu chochote kwa sababu parasetamoli ipo, inashusha homa vilevile, na inapatikana hata katika zahanati ya kijiji. Kama njia ya kukwepa ingekuwa ngumu au ghali, ningekuelewa ukisema tupime kwanza.

Kuhusu bibi, daktari alimkalisha kwenye benchi nje ya wodi, yeye mwenyewe akaketi kando yake, akamweleza kwamba dawa ile haifai kwa watoto wenye tetekuwanga, kwamba aliyemwuzia alipaswa kumwambia, na kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kuthibitisha kuwa bila vidonge vile mtoto asingeugua. Sentensi hiyo ya mwisho ni ya kweli, haikuwa ya kumfariji tu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ale vidonge viwili vilivyobaki yeye mwenyewe, maana goti linamsumbua, au avitupe. Daktari alimwomba amwachie.

Tabibu_Pwani

Nampongeza mleta uzi kwa maelezo makini. Mimi ni daktari wa watoto, na naomba kuongeza tahadhari moja kabla wasomaji hawajaanza kuuona ugonjwa wa Reye kila kona. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa kuondoa mengine kwanza, na katika mazingira yetu hayo mengine ni ya kawaida zaidi kwa mbali. Mtoto anayetapika, kuchanganyikiwa na kupata degedege katika Afrika Mashariki anaweza kuwa na malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sumu ya mitishamba, sumu ya dawa za wadudu, au sukari iliyoshuka kwa sababu ya njaa na kuharisha. Kwa hiyo mtu asije akasema "nimesoma kwamba ni Reye" akakataa kipimo cha malaria. Reye huja akilini pale malaria imepimwa haipo, majimaji ya uti wa mgongo hayana chembe za maambukizi, vimeng'enya vya ini (kemikali zinazopimwa kwenye damu kujua kama ini limedhurika) vimepanda mara tatu au zaidi ya kawaida, amonia iko juu, na macho hayana manjano. Hata hicho kipimo cha majimaji ya uti wa mgongo hakifanywi kwa haraka iwapo kuna dalili za ubongo kuvimba sana, kwa kuwa kinaweza kumdhuru mgonjwa.

Kuna kundi jingine ambalo ni lazima nilitaje. Wapo watoto wanaozaliwa na kasoro ya kurithi inayowafanya washindwe kutumia mafuta kama nishati, au washindwe kuondoa amonia. Mtoto wa namna hiyo anaweza kukua vizuri kabisa mpaka siku anapoumwa mafua, akakataa kula usiku kucha, na asubuhi akakutwa katika hali inayofanana na Reye kwa kila kitu. Kasoro nyingi kati ya hizi zilianza kutambulika vizuri baada ya miaka ya 1980, na inaaminika kwamba baadhi ya watoto walioandikiwa Reye zamani walikuwa nazo. Ndiyo maana kila ninapoona mtoto mwenye dalili hizi, hasa akiwa na umri wa chini ya miaka miwili, huuliza kwa upole: je, yupo ndugu yake aliyefariki ghafla akiwa mdogo? Je, wazazi ni ndugu wa damu? Je, amewahi kupata hali kama hii? Wazazi wengine huona maswali hayo kama kutafuta mchawi. Ninawaomba wayajibu bila kuficha, kwa sababu jibu linaweza kumlinda mtoto wa tatu ambaye bado hajazaliwa.

Matibabu hayana dawa maalumu. Tunachofanya ni kumshikilia mtoto mpaka ini lijirekebishe, na habari njema ni kwamba ini hujirekebisha kwa haraka mara dhoruba ikipita. Vita yote ni ya kuulinda ubongo katika siku hizo chache. Tunampa sukari kwa mshipa na kuipima mara kwa mara, tunainua kichwa cha kitanda, tunatumia dawa za kupunguza uvimbe wa ubongo kama manitoli, tunadhibiti degedege, tunampa vitamini K damu ikishindwa kuganda, na penye uwezo anawekewa mashine ya kupumulia na kusafishwa amonia. Wenzangu wa vituo vidogo wakumbuke kwamba valproeti, ambayo baadhi ya vituo huwa nayo kwa ajili ya kifafa, yenyewe hudhuru ini na haifai hapa. Na wale walio mbali na hospitali ya rufaa wajue kwamba jambo moja wanaloweza kulifanya kabla gari halijaja, yaani kupima sukari na kuirekebisha, ndilo pengine lenye uzito kuliko yote. Mtoto aliyefika akiwa bado anajua jina lake ana nafasi nzuri sana ya kupona. Aliyefika akiwa hana fahamu, nafasi hupungua kwa kila saa.

Mzee_wa_Kahawa

Daktari, asante. Nami nina swali fupi: mtoto wa umri gani? Mjukuu wangu ana miaka 15, kimo amenizidi, na mama yake humpa dawa za watu wazima.

Mama_Leicester

Babu, nikujibu kwa yaliyonipata mimi. Ninaishi Uingereza, na mwanangu alipokuwa na miaka 14 alipata mafua, nikaenda duka la dawa nikitaka aspirini kwa mazoea ya nyumbani. Mfamasia aliniuliza ni ya nani, nilipomwambia umri akakataa kuniuzia, akanipa parasetamoli. Nilikasirika, nikaona ananidharau. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba huku mwaka 1986 walizuia aspirini kwa watoto wa chini ya miaka 12, na miaka ya 2000 ilipoanza wakaona kwamba vijana nao wamo hatarini, wakapandisha hadi miaka 16. Mwaka 2009 walifika mbali zaidi, wakaagiza kwamba hata zile jeli za kupaka kwenye ufizi wa mtoto anayeota meno, zikiwa na kemikali ya jamii ya aspirini, zisitumiwe kwa walio chini ya umri huo. Kwa hiyo kimo chake, babu, kisikudanganye.

Tabibu_Pwani

Ni sahihi. Wengine, wakiwemo Wamarekani, huongeza na vijana wa miaka 17 na 18 wanapokuwa na mafua au tetekuwanga, nami kwa mgonjwa wangu nafuata hivyo.

Mama_Mapacha

Nimesoma uzi huu huku moyo unanidunda. Mwanangu wa miaka tisa alifanyiwa upasuaji wa moyo, na tangu siku hiyo daktari wake alituandikia aspirini kidogo kila siku ili damu isigande. Ina maana tumekuwa tukimpa sumu? Nimeshika kopo hapa na sijui nimpe ya leo usiku au nisimpe.

Tabibu_Pwani

Mama, mpe dawa yake ya leo kama ulivyoelekezwa. Usiiache kwa sababu ya uzi huu. Yapo magonjwa ambayo aspirini ni dawa ya lazima kwa mtoto: baada ya baadhi ya upasuaji wa moyo, katika homa ya baridi yabisi inayoshambulia viungo na moyo, na katika ugonjwa wa Kawasaki, unaoleta uvimbe katika mishipa ya damu ya mtoto. Hapo daktari amepima na kuona kwamba damu kuganda ni hatari kubwa na ya karibu kuliko Reye. Tunachokataza ni aspirini ya kushusha homa, inayotolewa bila ushauri.

Hata hivyo, uko ulinzi ambao mwanao anastahili kuupata. Mwulize daktari wake kuhusu chanjo ya mafua ya kila mwaka na chanjo ya tetekuwanga, zote zinapatikana katika baadhi ya hospitali hata kama hazimo katika ratiba ya kawaida ya watoto. Akikaa na mtu mwenye tetekuwanga, au akianza mafua yenye homa, mpigie daktari siku hiyohiyo kabla ya kidonge kinachofuata. Yeye ndiye atakayeamua kama dawa isimamishwe kwa muda au ibadilishwe. Na akitapika mfululizo, mpeleke mara moja ukiwa na kopo hilo mkononi.

BintiPangani

Dada muuguzi, hukutuambia mwisho wa yule mtoto.

Muuguzi_Moro

Niliogopa uzi ungegeuka kuwa simulizi, lakini ni haki yenu kujua. Tulimwekea maji ya sukari, akatulia kidogo, na gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya rufaa jioni hiyo. Alipoteza fahamu njiani, akakaa siku nne bila kujitambua. Huko waliandika "Reye, inayodhaniwa", kwa sababu kipimo cha kukata kipande cha ini hakikufanyika na hakikuwa cha lazima. Siku ya tano alifumbua macho. Nilimwona miezi mingi baadaye alipoletwa kwa chanjo ya mdogo wake. Anatembea, anacheza mpira, lakini bibi aliniambia kwamba amerudia darasa, kwamba herufi alizokuwa akizijua zimekuwa ngeni kwake, na hukasirika kwa vitu vidogo. Wanaopona baada ya kupoteza fahamu kwa muda mrefu wanaweza kubaki na mabaki ya namna hiyo. Yeye, kwa kulinganisha, ana bahati. Aliponiona alinisalimia vizuri, ingawa hakunikumbuka.

Mfamasia_Kona

Nimekuwa nikisoma kimyakimya tangu mwanzo, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa upande wa pili wa kaunta. Nina duka la dawa kwa miaka 11. Ni kweli tunauza vidonge vya kuhesabu, na tunafanya hivyo kwa sababu mteja ana shilingi za vidonge vinne, hana za kasha zima. Kumwambia anunue kasha ni kumwambia arudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo sitaahidi kuacha kuuza kwa kuhesabu.

Naomba niwaonyeshe mtego ambao mleta uzi hakuutaja. Aspirini haiji peke yake kila mara. Vipo vidonge vya mchanganyiko vya kichwa, mafua na uchovu ambavyo ndani yake mna aspirini, parasetamoli na kafeini kwa pamoja, na jina kubwa la mbele halisemi chochote kuhusu hilo. Geuza karatasi utafute maandishi madogo. Ukikuta neno aspirini, au asidi ya asetilisalisiliki, au herufi ASA, au neno lolote lenye "salisili" ndani yake, hiyo si ya mtoto mwenye homa. Vilevile ile aspirini ya miligramu 75 ambayo watu huiita "junia" si ya watoto licha ya jina lake; siku hizi wanaitumia wazee wenye matatizo ya moyo. Nimewahi kumkuta mama ameichukua kwa sababu ya jina hilo tu.

Mtoto mwenye homa apewe parasetamoli kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa siku, na apimwe malaria. Akiwa na tetekuwanga, hata ibuprofeni, dawa nyingine ya homa na maumivu, ni bora iachwe, kwa kuwa imehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi.

Kuhusu gazeti, nimefanya hivi tangu jana usiku. Nimetoa bahasha zote ndogo za dawa nilizokuwa nazo, nikaketi na binti yangu, tukaandika kwa kalamu nyekundu juu ya kila moja itakayotiwa aspirini: ASPIRINI. MTU MZIMA TU. ASIPEWE MTOTO MWENYE HOMA. Tumeandika 200 kabla ya kufunga duka. Mteja wa kwanza leo asubuhi alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, akaomba aspirini nne. Nikamwuliza ni za nani. Akasema, za huyu.